Safu ya Asili

Walinipa kishikwambi, mwavuli wenye nembo
na posho ya siku sita.
Swali la kumi na nne lilikuwa na vidirisha viwili tu:
Wabangali. Waswisi.
Nani kati yao ana nafuu, hapa Mwanza,
vizazi vitatu tangu babu ashuke na sanduku?

Nilicheka palepale ofisini. Waswisi gani?
Mratibu hakuinua uso. Wapo, Kabula. Panda Igogo.

Igogo hupandwa kwa magoti.
Nyumba zimeatamia mawe,
maji yanauzwa kwa ndoo, na bei hupanda
pamoja na ngazi.
Juu kabisa nikamkuta Leonadi Zumstegi
anachomelea geti la mtu mwingine.
Ngozi yake yangu, nywele zake zangu.
Akagusa pua: Urithi wote ni huu,
na wenyewe hupata mafua.

Babu yake aliletwa kufunga mashine za kuchambua pamba.
Akaoa Nansio. Akafa kwa kichomi
kabla kiwanda nacho hakijafa.
Jina lilikuwa gumu, majirani wakalitafuna,
na kwenye kadi ya kliniki ya kitindamimba
limetoka Jumasteki.

Nikauliza kama nilivyoelekezwa:
Kaya inapokea fedha kutoka nje?
Akazima mashine.
Nje wapi, dada? Nje ya mlango huu?
Milo kwa siku?
Miwili. Wa tatu tunauhadithia.

Kesho yake, Mtaa wa Rufiji, kwa Bi Rokeya Choudhuri.
Babu wa huyu alitoka Sileti, mpishi wa meli,
akaifuata reli mpaka reli ikagota ziwani.
Sasa ni ghorofa mbili: misumari, nyavu, saruji,
rangi ya mitumbwi, taa za kuvulia dagaa,
na binti anayesomea meno Uturuki.
Nikaanza kujaza kabla hajajibu.
Milo kwa siku?
Mmoja, mwanangu. Nina sukari.
Nikafuta.

Akanionyesha daftari la marehemu baba yake,
madeni ya zamani kwa hati ya kwao,
herufi zinaning'inia kwenye mstari
kama nguo kambani.
Nani anaisoma?
Hakuna. Mama ndiye alikuwa wa mwisho.
Akapuliza vumbi la jalada.
Wote waliomo humu wamesamehewa, akasema,
na aliyewasamehe ni ujinga wangu.

Daftari lake yeye ni la Kiswahili, kalamu ya bluu.
Aliligeuza nihakiki mauzo ya mwezi,
maana swali la thelathini linadai ushahidi.
Jumasteki wa mageti, vijiti vya kuchomelea, 42,000.
Kando yake: *asisumbuliwe mpaka shule zifunguliwe*.
Halafu mkopo wa benki, umeandikwa kwa wino uleule,
tarakimu nyingi nikashindwa kuzitamka.
Halafu, mistari miwili chini:
Mama Kabula, Nyakabungo. Saruji mifuko miwili.

Tulimzika baba mwezi wa tatu.
Nilimshika fundi tochi alipokuwa akilainisha,
mama akasema, Yamekwisha, mwanangu, yamelipwa.

Bi Rokeya aliona kidole changu kilipogota.
Akafunga daftari taratibu,
akaniuliza kama ninakunywa chai bila maziwa.

Usiku, Nyakabungo, mawe bado yana joto la mchana.
Swali la kumi na nne halikuruki:
lazima ubonyeze kimoja ndipo ukurasa ufunguke.
Nimebonyeza. Sisemi kipi.
Chini wanaachia nafasi ya maoni, nikaandika:

*Mswisi anadaiwa na Mbangali.
Mbangali anadaiwa na benki.
Msukuma anayewauliza anadaiwa kaburi.*

Nikaisoma. Mama anakoroma chumba cha pili.
Nikafuta kaburi, nikaweka saruji.
Herufi ni zilezile sita.